Munganga David Livingstone na Kazi ya Kusikiliza Moyo



Katika namba hii ya gazeti letu tunataka kueleza maisha ya mtu ambaye jina lake linajulikana sana, lakini kazi yake moja wengi wameisahau. Ukiuliza mwanafunzi yeyote hapa Kolwezi kwamba Livingstone alikuwa nani, atakujibu mara moja: alikuwa mhubiri, tena alikuwa msafiri aliyetafuta mito. Ni kweli. Lakini mu vijiji vingi alimopita, watu walimjua kwanza kama munganga. Wagonjwa ndio waliokuja kukaa mbele ya hema lake asubuhi, na yeye aliwasikiliza.

Tumechagua habari hii kwa sababu mbili. Ya kwanza, kuna wenzetu wa mwaka wa sita wanaotaka kuingia masomo ya uuguzi kisha mtihani wa Serikali, na kila siku wanabishana juu ya moyo, damu na tansio. Ya pili, Livingstone aliteswa na mto Lualaba mpaka siku ya kufa kwake, na Lualaba ni mto wetu. Maji yake njo yanayozungusha mashini ya umeme kule Nzilo.

David Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813, mu mji mdogo wa Blantyre, inchi ya Scotland. Wazazi wake walikuwa maskini. Watoto pamoja na wazazi waliishi mu chumba kimoja tu, mu nyumba ya kiwanda cha pamba. Alipopata miaka 10 alianza kazi kiwandani, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku. Kazi yake ilikuwa kuunga nyuzi zinazokatika. Kwa mshahara wake wa kwanza alinunua kitabu cha Kilatini. Aliweka kitabu juu ya mashini, akasoma mustari mmoja kila alipopita, na usiku alikwenda masomo. Wenzetu wanaosema hawana nafasi ya kusoma wafikiri kidogo juu ya mtoto huyu.

Mwaka 1836 alianza kusoma uganga mu mji wa Glasgow. Aliona kwamba mhubiri anayekwenda inchi za mbali anafaa kujua pia kutunza mwili. Miaka minne baadaye, mu Novemba 1840, akaenda kupimwa na wakubwa wa uganga wa Glasgow, na hapo neno moja likatokea ambalo wachache wanalijua.

Mu kazi aliyoandika kwa mtihani, Livingstone alieleza ugonjwa ambao hautambulikani vizuri bila kutumia stetoskopi, kile chombo cha kusikiliza kifua ambacho wanganga wanavaa mu shingo. Wakati ule chombo hicho kilikuwa bado kipya. Munganga Mufaransa, René Laennec, alikitengeneza mu Paris mwaka 1816. Mbele ya hapo munganga aliweka sikio lake juu ya kifua cha mgonjwa. Laennec alikuwa na mgonjwa mwanamke kijana, akaona haya kufanya hivyo, akakunja karatasi kama bomba, akaweka upande mmoja juu ya kifua na upande mwingine ku sikio. Kumbe alisikia moyo wazi zaidi kuliko kwa sikio tupu! Kisha akatengeneza bomba la mti, na mwaka 1819 akatoa kitabu chake.

Basi, wale waliompima Livingstone hawakukubaliana naye juu ya nguvu ya chombo hicho. Yeye hakurudi nyuma. Wakamwuliza maulizo makali na marefu kuliko ya wengine, lakini akashinda, akapewa ruhusa ya kuwa munganga. Alikuwa na miaka 27. Tunaona hapa tabia yake yote: kama amesikia kitu kwa sikio lake, hakuna mkubwa wa kumwambia kwamba hakukisikia.

Stetoskopi inasikia nini? Tueleze kwa ufupi. Moyo ni msuli, ukubwa wake ni karibu na ngumi ya mwenyewe. Una vyumba vine, viwili vya juu na viwili vya chini. Upande wa kuume unapokea damu iliyotumika mu mwili na kuisukuma mu mapafu ili ipate hewa safi. Upande wa kushoto unapokea damu iliyotoka mu mapafu na kuisukuma mu mwili wote. Katikati ya vyumba kuna milango midogo inayoitwa vali, na kazi yake ni kukataza damu isirudi nyuma. Ukisikiliza kifua utasikia sauti mbili zinazofuatana. Ya kwanza ni milango iliyo kati ya vyumba vya juu na vya chini inapofungika. Ya pili ni milango ya kutokea mu mishipa mikubwa inapofungika. Kama mlango mmoja haufungiki vizuri, ao umekuwa mwembamba, kati ya sauti hizo mbili utasikia kitu kama upepo unaopita mu tundu. Hapo munganga anajua kwamba moyo una kilema. Mara nyingi kilema hicho kinaanza na ugonjwa wa koo wa mtoto ambao haukutunzwa. Homa ya viungo inafuata, halafu vali zinaharibika. Kwa hiyo mdogo wako akilalamika koo siku nyingi, usicheke. Umpeleke ku lopitalo.

Livingstone alitoka Uingereza Desemba 1840, akafika Afrika ya Kusini mwaka 1841. Alioa Mary Moffat mwaka 1845. Mwaka mmoja mbele ya ndoa, simba alimkamata mu Mabotsa na kuvunja mfupa wa mkono wake wa kushoto, karibu na bega. Mkumbuke mfupa huo, tutaurudilia.

Kutoka 1853 mpaka 1856 alivuka Afrika, kwanza kwenda magharibi mpaka Loanda, halafu kurudi mpaka Quelimane ku bahari ya mashariki. Wenzake wa njia walikuwa watu wa mfalme wa Wakololo. Mu Februari 1854 alipita ku ziwa Dilolo, ng'ambo ya mpaka wetu na Angola. Mu safari hiyo homa ilimpiga mara nyingi sana. Alitengeneza vidonge vyake mwenyewe vyenye kinini pamoja na dawa za kusafisha tumbo, na vidonge hivyo vilisaidia wazungu wengi waliokuja nyuma yake. Lakini safari ya pili, ile ya Zambezi kutoka 1858 mpaka 1864, ilikuwa ya machozi. Mary alikufa kwa homa mu Shupanga, Aprili 1862. Munganga mwenyewe alikuwa pembeni ya kitanda, na dawa zake hazikuweza kitu.

Sasa tufike ku safari ya mwisho, ile inayotuhusu sisi watu wa Lualaba. Aliporudi kwao mwaka 1864, alikuwa na ugonjwa wa kutoka damu mu njia ya haja kubwa. Wanganga wa Scotland walimshauri apasuliwe. Alikataa. Mwaka 1866 akaingia tena Afrika kutokea Zanzibari, na ugonjwa ule alikuja nao mu mwili wake.

Mu Januari 1867 mchukuzi mmoja alikimbia na sanduku la dawa. Livingstone alijua mara moja maana yake: aliona kama amehukumiwa kufa. Hata hivyo akaendelea. Aliona ziwa Mweru Novemba 1867, akakaa kwa mfalme Kazembe, na kule aliona shaba kutoka Katanga, vipande vikubwa vilivyotengenezwa kama herufi I. Mu 1868 aliona ziwa Bangweulu. Mwaka 1869 mapafu yake yaliugua vibaya, akabebwa na watu mpaka ziwa Tanganyika.

Mwisho wa Machi 1871 akafika Nyangwe, mu jimbo la Maniema, na hapo akasimama ku ukingo wa Lualaba. Aliutazama mto mpana unaokwenda kaskazini, akasema mu moyo wake kwamba huu ni Nili. Alitafuta mitumbwi ya kuufuata asipate.

Hapo Nyangwe aliona jambo lililomvunja. Tarehe 15 Julai 1871 soko lilikuwa limejaa, wengi wao wanawake. Watu wenye bunduki wa wafanyabiashara wa watumwa wakaanza kupiga risasi. Wengine walikufa sokoni, wengine walizama mu Lualaba wakitafuta kukimbia. Waliokufa walikuwa mamia. Lazima tuseme pia ukweli huu: Livingstone alichukia biashara hiyo, lakini kwa sababu ya umaskini na ugonjwa alikula na kusafiri pamoja na wafanyabiashara hao hao. Karatasi zilikuwa zimeisha, akaandika habari zake juu ya magazeti ya zamani kwa maji ya matunda. Habari ya Nyangwe ilifika Uingereza mwaka 1872, ikasukuma Serikali. Mu Juni 1873 Sultani Barghash wa Zanzibari alikubali kufunga soko la watumwa. Livingstone alikuwa amekufa mwezi mmoja mbele yake.

Turudi ku mto. Hapa tunaona mambo mawili yanayofanana, na wenzetu wa uuguzi wayashike. Zamani wanganga wa Ulaya waliamini kwamba damu inatengenezwa na ini kutoka chakula, halafu inakwenda mu mwili na kuishia huko. Wakakaa na wazo hilo zaidi ya miaka elfu moja. Mwingereza William Harvey hakubishana kwa maneno. Alipima na kuhesabu. Alifikiri: moyo ukisukuma damu kidogo tu kila pigo, na ukipiga mara nyingi kila dakika, mu nusu saa utakuwa umesukuma damu kupita yote iliyo mu mwili. Chakula gani kinaweza kutengeneza damu mingi vile? Basi damu haiishi, inazunguka. Aliandika hivyo mu kitabu chake cha 1628. Leo tunajua hesabu vizuri zaidi. Mtu mzima anayepumzika, moyo wake unasukuma karibu litre 5 kila dakika, na damu yote ya mwili wake ni karibu litre 5. Maana yake, mu dakika moja damu yako inaweza kuzunguka yote.

Lualaba pia ilijulikana kwa kupimwa. Mwaka 1874 Mwingereza Cameron alifika Nyangwe, akapima urefu wa inchi juu ya bahari na wingi wa maji. Akaona kwamba Nyangwe iko chini kuliko sehemu ya Nili ambayo Lualaba ingepaswa kuingia. Maji hayapandi mlima. Tena maji ya Lualaba yalikuwa mengi kupita ya Nili yenyewe pale. Halafu Stanley akafuata mto kutoka Nyangwe mwaka 1876, akatokea Boma, karibu na bahari ya magharibi, Agosti 1877. Nili ya Livingstone kumbe ilikuwa Kongo.

Yule aliyewatetea wanganga wa Glasgow sauti ya moyo kwa sababu aliisikia, ku mto aliacha wazo analolipenda limsemee. Hatusemi hivi kwa kumdharau. Hakuwa na mitumbwi, hakuwa na dawa, na mwili ulikuwa unakwisha. Lakini ni vizuri tujue kwamba hata mtu mkubwa anaweza kupenda wazo lake kupita kipimo.

Stanley alimkuta Ujiji mu Novemba 1871, akamletea chakula na dawa. Akamwomba warudi wote Ulaya. Livingstone akakataa. Mu Agosti 1872 akatoka Unyanyembe, karibu na Tabora. Mpango wake ulikuwa kuzunguka Bangweulu kwa kusini, kutafuta chemchemi za mto, halafu kufika ku machimbo ya shaba ya Katanga. Ndiyo, wasomaji, alikuwa njiani kuja kwetu!

Hakufika. Mvua ilinyesha, Bangweulu ikajaa maji, na kutoka mwisho wa Machi 1873 damu ilimtoka bila kukoma. Aliandika mu kitabu chake cha kila siku kwamba amekuwa mweupe, hana damu, hana nguvu.

Mtu anayepoteza damu anaonekana vipi, na muuguzi anapima nini? Damu ikipungua, moyo unajaribu kufidia: unapiga mbio zaidi ili damu kidogo iliyobaki ifike mu ubongo na mu figo. Mishipa ya ngozi inajikaza. Kwa hiyo mikono inakuwa baridi, viganja na ndani ya kope vinakuwa vyeupe. Muuguzi anaweka vidole viwili ao vitatu juu ya mshipa wa kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba cha mgonjwa. Hatumii kidole gumba chake, maana hicho nacho kina mapigo na kinaweza kumdanganya. Anahesabu dakika nzima. Mtu mzima aliyepumzika ana mapigo 60 mpaka 100. Mtoto mchanga anapita hapo. Hahesabu tu, anasikia pia kama mapigo yana nguvu ao ni kama uzi, kama yanafuatana sawasawa ao yanaruka. Anabonyeza ukucha mpaka uwe mweupe, halafu anaachilia. Rangi ikichelewa kurudi zaidi ya sekunde tatu, damu haizunguki vizuri. Anatazama miguu: ukibonyeza na shimo likabaki, maji yamekusanyika, na pengine moyo umechoka.

Vyote hivyo havihitaji mashini. Tansio nayo inahitaji chombo, na Livingstone hakukijua, kwa sababu mkanda wa mkono ulianza na Mwitaliano Riva-Rocci mwaka 1896, na Murusi Korotkov alionyesha mwaka 1905 namna ya kusikiliza mshipa kwa stetoskopi chini ya mkanda huo. Lakini mshike neno hili: mtu mwenye nguvu akitoka damu, mara nyingi mapigo yanapanda mbele tansio haijashuka. Njo maana mama aliyezaa, muuguzi anarudia kumhesabia mapigo, hata kama mama anasema yeye ni muzima. Muuguzi anayengoja mpaka tansio ianguke amechelewa. Kuhesabu dakika moja kunaweza kuokoa mama, na mtoto asibaki yatima.

Livingstone alijua dalili hizi, na mu mwili wake zilikuwa wazi. Lakini hakusimama. Wenzake walimtengenezea kitanda cha miti na kumbeba. Wakafika kijiji cha Chitambo, inchi ambayo leo ni Zambia. Usiku wa mwisho alimwuliza Susi kama wako ku mto Luapula, na akataka kujua siku ngapi zimebaki. Hata pale, mto! Asubuhi mapema ya tarehe 1 Mei 1873 walimkuta amepiga magoti pembeni ya kitanda, amekufa.

Sasa tuwataje wale ambao vitabu vingi vinawataja kwa mustari mmoja: Abdullah Susi, James Chuma, Farijala, Jacob Wainwright na wenzao. Wangeweza kumzika haraka na kukimbia, kwa maana kubeba maiti mu inchi za watu ilikuwa hatari kabisa. Wakaamua kumrudisha kwao. Farijala, ambaye alikuwa ametumika kwa munganga wa Zanzibari, alifungua mwili. Aliona mapafu yameharibika, na upande wa kushoto aliona damu iliyoganda, kubwa kama mkono wa mtu. Akatoa moyo na viungo vya ndani, wakaviweka mu sanduku la bati lililokuwa la unga, wakavizika chini ya mti. Jacob Wainwright akasoma maombi ya mazishi. Mwili wakautia chumvi na kuukausha kwa jua siku kumi na nne.

Halafu wakatembea, kilometa zaidi ya 1500. Ku Unyanyembe walikutana na Cameron, akawashauri wazike hapo. Walikataa. Mu Februari 1874 wakafika Bagamoyo. Kule London, munganga aliyepima maiti alitambua mfupa wa mkono wa kushoto, ule simba aliouvunja miaka 30 nyuma. Akazikwa ndani ya Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874, na Jacob Wainwright alikuwa mmoja wa waliobeba. Moyo ulibaki Chitambo.

Mu mji wa Hamilton, kwenye jamaa ya Livingstone, kulikuwa mtoto mmoja aliyejuana na watoto wake. Jina lake Frederick Stanley Arnot. Huyo njo aliyefika Bunkeya kwa Mwami Msiri mu Februari 1886, na kutoka hapo Habari Njema ilienea mu Katanga.

Sisi wa mwaka wa sita tunamaliza kwa shauri kidogo. Wenzetu mtakaovaa nguo nyeupe, mkipewa mgonjwa, msiseme mbele ya kuhesabu. Mshike mkono wake dakika nzima, mtazame kope, mwulize, msikilize. Na mwili wenu wenyewe ukilalamika, msiufunge kinywa. Tena msidharau mlinzi wa mgonjwa, yule ndugu anayelala chini pembeni ya kitanda: pengine ni Susi wa mgonjwa huyo.

Tunawatakia wote masomo mema na mtihani mwema.